Jehanamu ya Wati Sitini

Chuma changu cha kulehemia kinajua hali mbili tu: baridi na jehanamu. Katikati hakuna kituo. Ukikichomeka kwenye soketi kinakaa dakika nne kimenuna, hakiyeyushi hata samli. Unageuka kutafuta koleo, unarudi, kumbe bwana mkubwa ameshapanda mpaka huko anakotaka yeye. Ncha imekuwa nyeusi kama sufuria la msibani, na risasi ukiigusisha inaviringika na kudondoka kama maji juu ya jani la myugwa. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi elfu nane. Ubavuni kimeandikwa wati 60, na muuzaji aliniapia kwamba ni orijino. Orijino ya nini, hakusema.

Mimi si fundi. Mimi ni mtu mwenye bisibisi. Hawa ni watu hatari kuliko mafundi na kuliko wasiojua kabisa, maana fundi anajua anachofanya na asiyejua anaogopa kugusa. Mwenye bisibisi haogopi na hajui. Baba mkwe wangu hakulifahamu hilo siku aliponikabidhi redio yake.

Redio yenyewe ni ya zamani, ya ganda la mbao, na ilikuwa na kosa moja dogo: ukizungusha sauti inakwaruza kama kuku anayeparua bati. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni kazi ya dakika kumi." Huo ulikuwa mwezi wa pili. Sasa tuko mwezi wa nane, na kila Ijumaa baada ya swala simu inaita. "Mkwe, mgonjwa wangu anaendeleaje?" Hasemi redio. Anasema mgonjwa.

Kilichompata mgonjwa ni hiki. Zile bodi za zamani, za rangi ya kahawia, ni karatasi iliyoshindiliwa pamoja na gundi, na njia za shaba zimebandikwa juu yake. Risasi ya kawaida ya kulehemia, ile yenye bati sitini kwa risasi arobaini, huanza kulainika kwenye nyuzijoto 183 na karibu na 190 imeshayeyuka yote. Kazi nzuri inafanyika ncha ikiwa kwenye 320, 350 hivi, unagusa sekunde mbili tatu unaondoka. Changu, nilipokuja kukipima baadaye, kilikuwa kinapita 450. Nilipokigusisha kwenye mguu wa kwanza wa ile volyumu inayokwaruza, gundi ikaachia, na njia ya shaba ikainuka polepole kutoka kwenye bodi kama ganda la kitunguu. Nikaibonyeza kwa kidole irudi chini. Kidole kikaungua, njia ikakatika.

Nikaenda kwa fundi redio wa pale stendi, anayekaa chini ya mwembe na meza yenye redio nyingi zilizokufa kuliko zilizo hai. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza shida yangu ya joto kupita kiasi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yana unyevu.

"Si unachomoa?"

Ndiyo dawa yake. Miaka yote hiyo chini ya mwembe, anachomeka, anachomoa. Ncha anaijua kwa moshi: anaichovya kwenye ule utomvu wa msonobari unaosaidia risasi ishike, na moshi ukipanda taratibu joto liko sawa, ukifyatuka kwa hasira limezidi. Nikamwambia mimi nataka kitu cha kisayansi kidogo. Akacheka, akainama chini ya meza na kutoa kisanduku chenye balbu moja ya kizamani, ile ya waya ndani, wati 100. "Basi pitisha umeme kwenye balbu kwanza, ndiyo uende kwenye chuma. Balbu inakula sehemu yake, chuma kinapata kilichobaki." Nikamwomba aniuzie ile balbu. Akairudisha chini ya meza kama mtu anayeficha binti yake. Siku hizi madukani ni taa za LED tupu, na taa ya LED kwa kazi hii haifai kitu.

Njiani nikirudi nikakumbuka kwamba nyumbani kwangu mwenyewe kuna balbu ya wati 100. Inaning'inia uani, ndani ya boksi la vifaranga wa mke wangu.

Hapa naomba nisikilizwe kabla sijahukumiwa. Sikuiiba. Nisingefanya kitu cha namna hiyo. Niliunganisha chuma changu kwa kufuatana na ile balbu, umeme uleule upitie kwa vifaranga kisha uje kwangu, na nikaona nimefanya jambo la busara na la kubana matumizi: umeme mmoja, kazi mbili, LUKU inapumua. Balbu ikawaka rangi ya chungwa, nzuri, ya kimahaba. Chuma kikatulia. Ncha ikang'aa. Kwa mara ya kwanza risasi ikaenea kama inavyotakiwa. Nikakaa pale nikalehemu vipande vya waya visivyo na kazi, kwa furaha tu.

Hesabu niliifanya baadaye, nikiwa nimeamriwa kukaa nje. Chuma cha wati 60 kwenye umeme wa volti 230 kina ukinzani wa omu 880 na ushee. Balbu kando yake ni mnyonge. Kwa hiyo chuma kilikuwa kinachukua wati thelathini na kitu, na vifaranga, waliozoea kukaa chini ya wati 100, wakabaki na kama kumi hivi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35.

"Baba watoto," nikasikia kutoka uani, kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Njoo uone vifaranga wako walivyopandana."

Walikuwa vifaranga wake tangu siku aliponunua. Siku hiyo wakawa wangu. Ishirini na tano wote wamejirundika kona moja kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, na aliye chini kabisa alikuwa hajui kesho yake. Wote walipona. Nalitaja hilo kwa sababu yeye halitaji.

Baada ya hapo nikapigwa marufuku kusogelea boksi. Nikajaribu diodi: kidude cha shilingi mia tatu kinachopitisha nusu ya mawimbi ya umeme na kuzuia nusu nyingine, wati 60 zinakuwa 30. Ni njia rahisi na imara, na kama ningekuwa mtu wa kuridhika hadithi ingeishia hapa. Lakini thelathini ni kidogo kwa mguu mnene, na mimi nilikuwa nimeshaonja kudhibiti. Nikataka kitu cha kuzungusha.

Kariakoo tena. Muuzaji wa vipuri akanielewa haraka kuliko nilivyotarajia. "Unataka kupunguza chuma cha kulehemia? Braza, hiki hapa." Akaweka mezani stesheni nzima: kisanduku chenye kitufe cha nyuzijoto, waya laini, mpini mwembamba wa volti 24, kiegemeo na sponji yake. Shilingi elfu tisini, na sauti yake ilionyesha kwamba elfu themanini na tano ingepita. Nikacheka kwa dharau. Elfu tisini! Kwa kitu ambacho naweza kukitengeneza mwenyewe kwa elfu sita!

Neno hilo, "naweza kukitengeneza mwenyewe", lingekuwa linatozwa kodi, barabara yetu ingekuwa na lami.

Nikanunua triaki, diaki, kapasita na volyumu yenye mpini wa plastiki. Plastiki ni muhimu, kwa sababu humo ndani ni umeme wa ukutani moja kwa moja na sina bima. Saketi yenyewe ni ileile ya kupunguzia mwanga wa taa au kasi ya feni, nayo hufanya kazi kama mlinzi wa geti la shule mwenye roho mbaya. Mawimbi ya umeme yanakuja mara 50 kwa sekunde, kila wimbi likiwa na nusu mbili. Mlinzi anafunga geti mwanzoni mwa kila nusu, anasubiri, halafu anafungua ghafla wakati nusu hiyo imeshaanza kupita. Ukizungusha volyumu unamwambia tu achelewe kiasi gani. Mara 100 kwa sekunde anafunga, anafungua, pwaa. Hiyo pwaa iwekeni akilini.

Kisanduku nilikipata jikoni. Kilikuwa bakuli la plastiki lenye kifuniko, la kuhifadhia kiporo, na sikujua kwamba lilikuwa moja kati ya seti ya sita.

Basi nikazungusha, ncha ikatulia, nikarukishia kipande cha waya pale njia ya shaba ilipokatika, nikafunga volyumu mpya kwenye redio ya baba mkwe, nikaiwasha. Nzzzzzzz. Kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Kila stesheni, nzzzzzzz. Nikakagua kiungo kimoja kimoja. Nikabadilisha kapasita moja, nzzzz. Nikabadilisha mbili. Nikatoa spika nikaipuliza, sijui kwa nini. Siku mbili usiku na mchana natafuta nyuki ndani ya redio ya mzee, na nyumba imejaa moshi wa utomvu mpaka jirani akauliza kama tumeleta mganga.

Siku ya tatu akaja mpwa wangu anayesoma chuo, amekuja kula. Akasimama mlangoni na sahani mkononi, akasikiliza, akatafuna, akameza.

"Mjomba, hebu zima hilo bakuli."

Nikazima bakuli. Nyuki wakanyamaza. Mtu akaanza kusoma bei za mazao, sauti safi kabisa.

Mlinzi wa geti, mnaona. Kila anapolifungua ghafla anarusha kelele angani, na redio ya masafa ya kati inaipokea yote kwa heshima zote. Redio ilikuwa nzima tangu juzi. Mgonjwa alikuwa daktari. Mpwa akasema inatakiwa koili ndogo na kapasita mlangoni mwa kisanduku ili kuzuia kelele isitoke nje. Nikasema nitaweka kesho.

Sasa, mtu mwenye akili angefunga redio na kumpelekea mwenyewe. Lakini katika zile siku mbili za kuwinda nyuki nilikuwa nimebandua njia nyingine mbili za shaba, na hapa lawama si yangu peke yangu. Nalilaumu giza likiingia. Saa moja jioni mtaa mzima unawasha feni, pasi, jokofu na taa za duka, na volti 230 zinateremka mpaka 200. Mtu wa kawaida anadhani hilo ni punguzo dogo. Joto halipungui hivyo. Linapungua kwa volti kuzidishwa kwa volti, kwa hiyo chuma cha wati 60 kinabaki na 45, robo nzima imekwenda. Unaona ncha inapoa, unazungusha kitufe juu. Saa nne watu wanalala, umeme unapanda mpaka 240, na wewe umesahau kitufe kulekule juu. Hapo ndipo ganda la kitunguu linapoinuka. Nikachukua kalamu na kuweka alama kuzunguka kitufe: hapa asubuhi, hapa adhuhuri, hapa magharibi, hapa isha. Kisanduku changu kikawa na vipindi kama msikiti, na bado siku za mvua havikulingana.

"Mjomba," akasema mpwa, wakati huu amekuja kunywa chai, "hiyo siyo kudhibiti joto. Hiyo ni kukisia umeme. Wewe hata hujui ncha ina nyuzi ngapi."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa kama dereva anayekanyaga mafuta kwa kipimo kilekile mlimani na kwenye mteremko, halafu anashangaa gari kubadilika mwendo. Mpwa akaandika orodha: Arduino moja ya kuwa ubongo, waya wa themokapo wa aina ya K, ambao ni metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani, kidude cha kuusoma waya huo, maana umeme unaotoka humo ni kama sehemu arobaini na moja za milioni za volti moja kwa kila nyuzi moja, kiasi ambacho hata mita yangu haiamini kipo, na rilei ya kuwasha na kuzima chuma. Nikapanda daladala. Muuzaji akaniuliza kama nimebadili mawazo kuhusu stesheni. Nikamwambia bado naitengeneza. Akanipa kiti.

Tukaifunga themokapo kwenye ncha kwa waya mwembamba wa shaba. Mpwa akaandika programu fupi: ikiwa chini ya 350, washa, ikifika 350, zima. Nani angepinga sheria nyepesi namna hiyo? Tukawasha. Namba zikapanda, 200, 280, 340, 350, rilei ikalia tak. Imezima! Nikampa mkono. Namba zikaendelea kupanda. 360. 375. 390. Chuma kilikuwa kimezimwa na bado kinapanda, kama mtu mzima aliyeambiwa basi yaishe na yeye ndiyo kwanza anakumbuka la mwaka juzi. Kikafika 395, kikafikiria, kikaanza kushuka. Kilipogusa 349 rilei ikalia tak, imewasha, nacho kikaendelea kushuka mpaka 310 ndipo kikapata habari. Juu, chini, juu, chini, tak, tak, usiku kucha. Mke wangu aliuliza kama kuna mjusi.

Sababu ni kwamba joto linazaliwa ndani ya bomba na inalichukua muda kusafiri hadi nchani. Amri inafika leo, matokeo kesho. Mpwa akasema tatizo hili lina umri wa karne, na kwamba Mrusi mmoja aliyehamia Marekani, Nicolas Minorsky, alichapisha dawa yake mwaka 1922 baada ya kuwatazama washika usukani wa meli: mzoefu hasubiri meli ifike kwenye mstari ndipo arudishe usukani, anaurudisha mapema, akiona inavyokimbilia. Akanichorea hesabu yenye herufi tatu, mojawapo ni ya kasi ya mabadiliko, na nikatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeelewa.

Nilielewa kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya maandazi. Yule mama wa kona yetu ana karai la mafuta juu ya mkaa, hana kipimo, hana Arduino, na katika miaka sita hajawahi kuniuzia andazi lililoungua nje likawa bichi ndani. Nilikuwa sijawahi kumtazama mikono. Mafuta yalikuwa bado hayajafoka, maandazi yako sawa kabisa, naye akachomoa kipande kimoja cha mkaa na kukiweka pembeni. Nikamwuliza, dada, mbona unatoa moto na mafuta yako sawa? Akasema, "Sasa hivi yako sawa. Yanakimbia." Kisha alipomwaga donge jipya ndani, kabla mafuta hayajapoa, akakirudisha kile kipande. Mrusi mzima, na kibao cha mbuzi pembeni. Nikamwambia mpwa andika hivyo, kama mama maandazi, toa mkaa wakati yanakimbia. Akaandika. Usiku ule namba zikakaa kati ya 346 na 354 na mjusi akapunguza kelele.

Ningependa kusema hapo ndipo nilipopata amani. Jumamosi nilikuwa peke yangu, mpwa yuko kwenye mitihani, nikawasha mashine yangu na kugeuka kutafuta koleo. (Hili koleo nitakuja kuliandikia safu yake.) Nikarudi nikaona kioo kinasema nyuzi 90. Tisini! Nikasubiri. Tisini na mbili. Nikaona uvivu, nikaiongezea lengo mpaka 380. Ikaja harufu ya plastiki, halafu moshi, halafu nikaona bomba la chuma limekuwa jekundu kama mboni ya mlevi. Kile kiwaya cha shaba kilikuwa kimelegea na themokapo imechomoka, inaning'inia hewani, inapima joto la sebule iliyo karibu na moto. Na ubongo wangu wa Arduino, kwa uaminifu mkubwa, ulikuwa unasoma taarifa kwamba huku chini kuna baridi na unaongeza moto, unaongeza moto. Ungedhani ni mkubwa wa ofisi aliyezungukwa na watu wa kumwambia kila kitu kiko sawa. Siku ya bakuli nilikuwa sijui chochote na hakuna mpini ulioungua. Siku hii nilikuwa na vipimo vya robo nyuzi, na mpini uliyeyuka.

Kuna watu waliliona hili zamani wakalikwepa kijanja. Kampuni ya Weller ya Marekani ilitengeneza ncha yenye kipande cha metali nyuma yake, na ndani ya mpini kuna sumaku. Ncha ikiwa baridi inaivuta sumaku na swichi inafunga. Ikifika joto lake, kile kipande kinapoteza usumaku wote kwa mkupuo, springi inairudisha sumaku, umeme umekatika. Hakuna programu wala waya wa kulegea. Ukitaka joto jingine unabadilisha ncha, na ile yenye namba 7 mgongoni ni ya nyuzi 370. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Ncha yenyewe ndiyo inayojua, na haina mtu wa kumtuma.

Nikanunua chuma kingine, elfu nane nyingine. Safari hii themokapo nikaibana chini ya skrubu inayoshikilia ncha, mahali ambapo haiwezi kutoroka. Ikafanya kazi, na mpaka leo inafanya kazi. Nikazirukishia waya njia zote za shaba zilizobanduka, bodi ya mzee ikafanana na uso wenye nyuzi za hospitali, na redio ikaongea. Bakuli lilikuwa mbali na limezimwa, hivyo sauti ilikuwa maji ya mtungini.

Mke wangu ndiye aliyejumlisha. Vipuri, Arduino, vyuma viwili, ncha tatu, nauli: elfu tisini na saba na mia tano. "Pamoja na bakuli langu," akasema. Sikumtajia ile bei ya stesheni. Alikuwa anaijua. Mpwa anakula sana nyumbani kwetu, na anayekula sana husema sana.

Mwezi uliopita akaleta vifaranga wengine, thelathini. Nikaona bakuli langu halipo mezani. Nikalikuta uani, limefungwa kati ya soketi na ile balbu ya wati 100, na yeye amekaa juu ya kigoda anazungusha kitufe. Hakuangalia alama zangu za adhuhuri na magharibi. Alikuwa anawatazama vifaranga. Wakirundikana chini ya balbu anaongeza, wakikimbilia pembeni na kutweta anapunguza, na wakitawanyika wakala huku wakilia kidogokidogo anaacha. Kila wiki anateremsha kiasi, maana wanakua na wanataka kama nyuzi tatu pungufu. Thelathini wote wazima. Nikamwambia hicho kisanduku kina kasoro kidogo, nakihitaji siku moja tu nikiwekee koili. Akasema nitakipata wakishaota manyoya.

Jumapili iliyopita baba mkwe akaja mwenyewe kumchukua mgonjwa wake. Akala, akasali, akavuta kiti barazani, akaweka redio juu ya mapaja na kuipapasa mbao zake. Akauliza kwa nini imechukua miezi sita. Nikasema kulikuwa na utafiti. Saa mbili usiku ilipokaribia akaiwasha asikilize taarifa ya habari, nami nikasimama nyuma yake kama mtu anayesubiri cheti.

Nzzzzzzz.

Akaigonga kwa kiganja. Nzzzzzzz. Akageuka taratibu, akanitazama juu ya miwani.

"Mkwe. Hii nini?"

Kutoka uani ikaja sauti ya binti yake, yenye furaha: "Nimeongeza kidogo, leo usiku kutakuwa na baridi!" Na nyuki nao wakaongeza kidogo.

Nikatoka barazani mpaka kwenye ngazi, nikainua uso, nikayatazama mawingu kwa makini.

"Hali ya hewa, baba," nikasema.